Gari likiteleza kwenye udongo mkavu, tazama pua kabla ya mkia

Ukitaja utelezi, wengi wanawaza matope. Sisi wa Lubumbashi tunao utelezi mwingine, na kwangu ndio mbaya zaidi: ule wa Julai na Agosti, mvua zimekatika tangu Aprili, udongo mwekundu umekauka, magari yameupita na kuupita mpaka umeng'aa kama sakafu ya sementi iliyosuguliwa. Juu yake hulala vumbi laini na vijiwe vya mviringo. Tairi halina cha kuuma.

Udongo huo nimejifunzia kwenye kiwanja cha mbio za magari tulichokichonga wenyewe nje kidogo ya barabara ya Kipushi, mimi, marafiki wawili na yaya, maana huku kaka mkubwa tunamwita hivyo. Gari letu ni Toyota Corolla KE70, ya zamani, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, usukani kulia kama magari mengi yanayotufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kiangazi cha kwanza nilikipoteza chote kwa kosa moja.

Kila nilipotoka kwenye kona, mkia ulitoroka. Basi nikawa natibu mkia. Nilipunguza upepo wa matairi ya nyuma. Nikaweka mifuko miwili ya mchanga kwenye buti. Nikatafuta springi laini zaidi za nyuma. Kila dawa ilizidisha ugonjwa, na yaya alishaanza kusema tubadilishe difu, yale magia ya ekseli ya nyuma.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Alisimama ndani ya kona, akachuchumaa, akatazama magurudumu ya mbele tu. Baada ya mizunguko mitano alinisimamisha: "Mwanangu, mkia hauna kosa. Unakata usukani mara mbili ya kona yenyewe."

Alikuwa sahihi. Mchanga wa kwenye buti ulikuwa umeinyima pua uzito, kwa hiyo ninapoingia kwenye kona gari halikutaka kugeuka. Mimi nikazidi kukata usukani. Mwendo ukipungua, matairi ya mbele yanashika ghafla yakiwa yamepinda sana, gari linajipiga kuingia ndani, na wakati huohuo mguu wangu umeshakanyaga mafuta. Mkia utabaki vipi? Kosa lilianza kwenye kuingia, nami nilikuwa nalisikia kwenye kutoka.

Kwa hiyo kabla hujashika spana, mwombe mtu akupige video ya simu akiwa amesimama ndani ya kona, mahali salama. Kama magurudumu ya mbele yamepinda sana kabla mkia haujaachia, ugonjwa uko mbele. Kama yamepinda kidogo tu na mkia unaondoka wenyewe, hapo ndipo utibu nyuma.

Sisi tulitoa mchanga kwanza. Kisha tukagundua kwamba mwenye gari wa zamani alikuwa amekata springi za mbele ili gari liwe chini. Springi iliyokatwa haifupiki tu, inakuwa ngumu pia, na pua ngumu juu ya udongo unaong'aa inateleza badala ya kulala na kukandamiza tairi. Tulirudisha springi nzima, na shokomzoba ambazo hazikuwa zimechoka. Gari likaanza kulala kwenye kona. Usiogope kulala huko. Kwenye utelezi unataka uzito uhame taratibu, na ulaini ndio unaokupa nafasi hiyo.

Upepo: barabarani tulitumia psi 28, kiwanjani tukashuka mpaka 22 mbele na 20 nyuma, tukipima asubuhi matairi yakiwa baridi. Hizo ni namba za gari letu, usizinakili. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye uso wa tairi ushuke ubavuni, zunguka mara tatu, halafu angalia chaki imefutika hadi wapi. Ikiwa imefutika mpaka katikati ya ubavu, tairi linajikunja na linaweza kutoka kwenye rimu, ongeza upepo. Na usinunue tairi la mtumba kwa kutazama meno peke yake. Soma namba nne za mwisho za ule mfululizo unaoanza na herufi DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka umekuwa mgumu, na meno marefu hayausaidii.

Ukitafuta maarifa ya Wamarekani, wenye mashindano mengi ya udongo, kumbuka kwamba kwenye viwanja vyao vya duara magari hukata kushoto tu. Ndiyo maana tairi lao la nyuma kulia ni kubwa kuliko la kushoto, na njia ikianza kung'aa hupunguza tofauti hiyo ili gari lisukume moja kwa moja likitoka kwenye kona. Sisi tunakata pande zote mbili, hilo halitufai. Lakini jambo moja lao ni letu pia: kutafuta unyevu. Udongo wenye rangi iliyokolea, hata ukiwa pembeni na ukakurefushia njia, unashika kuliko ule mfupi uliong'aa.

Mengine ni mguu. Funga breki kabla ya kona na uiachie polepole. Tumia gia ya juu kidogo magurudumu yasizunguke bure. Kofia na mkanda si vya kujadili, hata mkiwa wawili kiwanjani.

Badilisha kitu kimoja, zunguka mara tano, andika. Ukurasa wangu wa siku ile ya mzee una mstari mmoja tu: "Mchanga umetoka. Usukani nusu. Mkia umetulia." Springi tulizigusa Jumamosi iliyofuata.