Maswali ya Wasomaji: Injini ya boti imekuwa ngumu kukata kona

SWALI: Nina injini ya kupachika ya nguvu ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli. Niliinunua Pwani ikiwa imetumika. Ilikaa kwenye stendi miezi minne, na sasa nimeirudisha majini, lakini kukata kona lazima nivute mkono wa usukani kwa nguvu zote. Fundi alimimina oili juu ya mhimili ambao injini hugeukia, ikalainika siku mbili, ikarudi vilevile. Ninunue bushi mpya? – Msomaji, Mtera

JIBU: Bushi zisubiri, ndugu. Anza na kisichogharimu kitu. Injini nyingi za mkono zina skrubu au kishikio kidogo cha kukazia usukani, karibu na mahali mhimili unapopita kwenye kibano kinachoishika injini kwenye boti, ili injini isiyumbe ukiachia mkono. Mtu akiikaza wakati wa kusafirisha kisha akasahau, utatafuta ugonjwa ambao haupo. Ilegeze, halafu jaribu tena.

Ikibaki ngumu, shida iko ndani ya hausingi, na hiyo oili ya siku mbili inaonyesha hivyo. Mhimili wa chuma huzunguka ndani ya hausingi ya aluminiamu, ukishikwa na bushi za plastiki ngumu juu na chini. Grisi ikikaa muda mrefu bila kusogezwa, mafuta yake hujitenga na kinachobaki hukauka kama nta ya mshumaa. Vumbi la kiangazi la huku kwetu likiingia humo, unapata kitu kinachokaribia udongo. Tena injini yako imetoka Pwani. Chumvi hula aluminiamu, na ule unga mweupe unaotokea huchukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyoliwa, hivyo huisukuma bushi ndani hadi iubane mhimili. Oili ya kumimina juu haifiki huko.

Chomoa mpira wa petroli na nyaya za plagi kabla ya kugusa chochote. Tafuta nipeli ya grisi, yaani kile kichuchu kidogo cha kuingizia grisi, kwenye hausingi; injini nyingine ina moja, nyingine mbili. Ifute vizuri, maana mchanga ulio juu yake ndio wa kwanza kuingia ndani. Bomba la grisi la trekta kwa kawaida linaikubali, kwa hiyo usihangaike kuagiza la boti. Piga grisi taratibu huku mwenzako akiyumbisha injini kulia na kushoto. Grisi chafu ikianza kutoka juu na chini ya hausingi, una bahati: endelea mpaka itoke safi.

Bomba likigoma, usilazimishe. Fungua nipeli, zibua tundu lake kwa waya, kisha tia vijiko viwili vya chai vya dawa ya kulegeza kutu. Ukiikosa, mafuta ya taa hulainisha grisi iliyoganda, ingawa kwa ule unga mweupe hayasaidii sana. Funga matambara yaliyochovywa kwenye maji yanayochemka kuzunguka hausingi, kwa muda wa nusu saa yabadilishe kila yanapopoa, halafu yumbisha kidogo kidogo. Iache ilale usiku, kesho rudia. Kazi hii inaweza kula siku mbili au tatu, na hapo ndipo wengi wanapokosa subira wakachukua mtungi wa gesi. Moto huyeyusha bushi na sili, na mvuke wa petroli haupo mbali. Kosa jingine ni kuchomeka bomba refu kwenye mkono wa usukani ili kupata nguvu. Kitakachokatika ni kishikilio cha mkono, nacho ni aluminiamu.

Kama siku ya tatu bado imeng'ang'ana, hapo sasa ndipo pa bushi. Injini ya ukubwa huo ina kilo 70 hivi, kwa hiyo ishusheni watu watatu. Mhimili ukitoka, ondoa unga mweupe ndani ya hausingi kwa msasa namba 240, malizia na 400, kisha weka bushi na sili mpya kwa pamoja. Kuweka bushi mpya bila kusafisha hausingi ni hasara tupu, zitabanwa tena zilezile.

Tumia grisi ya boti isiyooshwa na maji. Ile nyeusi yenye grafaiti iache kabisa, kwani ikikutana na chumvi na aluminiamu huchochea kuliwa. Piga kila baada ya saa 100 za kazi, na pia siku unayoipumzisha. Ikiwa kwenye stendi, izungushe pande zote mbili mara moja kwa wiki.

SWALI: Yetu ina usukani wa gurudumu na waya. Gurudumu halizunguki kabisa. – Kikundi cha wavuvi, Migoli

JIBU: Tenganisheni kile kiungo kinachounganisha ncha ya waya na injini. Injini ikigeuka kwa mkono bila shida, iliyokwama ni fimbo ya waya ndani ya bomba la kibano. Fungueni nati kubwa ya waya kwa spana malaya, lowesheni kwa dawa ya kutu pande zote mbili, kisha gongeni fimbo itoke kwa kipande cha mti kigumu, kamwe si nyundo tupu, maana ncha ikivimba haipiti tena. Safisheni bomba kwa brashi ya waya ya mviringo, pakeni grisi, rudisheni. Siku za kupiga grisi baadaye, fimbo iwe imeingia ndani kabisa. Ikiwa nje, grisi hujazana mbele yake na kuizuia kurudi. Kama gurudumu ni gumu hata waya ukiwa umetenganishwa, waya umeoza ndani ya ganda lake. Huo hautiwi oili, hununuliwa mwingine wa urefu uleule. Nati ya kiungo iwe mpya, yenye plastiki ya kujikaza ndani.

SWALI: Usukani wangu ni mwepesi nchi kavu, lakini nikivuta mafuta boti inakwenda kulia na mkono unakuwa mzito. – Msomaji, Mtera

JIBU: Grisi haihusiki. Juu ya propela, kwa nyuma, injini nyingi zina kibawa kidogo kilichoshikwa na bolti moja. Boti ikivuta kulia, legeza bolti, sogeza ncha ya nyuma ya kibawa kulia kidogo tu, kaza, ujaribu tena kwa mwendo uleule.