Mfupa wa fizi umeliwa: tiba ya jeni ipo?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46, naishi Mbagala. Fizi zinatoka damu, meno mawili ya chini yanacheza, na eksirei imeonyesha mfupa umeliwa. Mwanangu kasoma kuna tiba ya jeni inayootesha mfupa. Hapa Dar naipata wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Huipati kliniki, si Dar wala Marekani. Bado ni ya utafiti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitumia kirusi cha adeno (aina ya kirusi cha mafua) kama kibebeo cha kupeleka jeni ya PDGF, protini inayochochea seli za ukarabati, kwenye vidonda vya fizi vya panya. Mfupa ukaota. Ila kirusi huweza kuamsha kinga ya mwili, na jeni haiondoi ukoga ulioganda chini ya fizi, ambao ndio chanzo.

Mwombe daktari wa meno apime kina cha mifuko ya fizi, yaani nafasi kati ya fizi na jino, sehemu sita kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni salama. 4 na zaidi, hasa ikitoka damu, husafishwa mpaka kwenye mizizi kwa ganzi. Rudi baada ya wiki 6 hadi 8. Mfuko ukibaki wa milimita 6, huenda fizi ikafunguliwa kwa upasuaji. Unga wa mfupa, unaojazwa palipoliwa, hushika vizuri shimo la mfupa likiwa kama kikombe. Mfupa ulioshuka sawasawa pande zote ni vigumu kurudi.

Pima sukari pia, maana ikipanda fizi haziponi. Na usiache kupiga mswaki kwa kuogopa damu (wengi hukosea hapo): tumia mswaki laini, uulaze kuelekea ukingo wa fizi.