Maswali na Majibu: Ivamektini hukaa wapi ndani ya mnyoo?

Nilisoma kwamba wanasayansi walipata picha ya ivamektini, dawa ya kuua minyoo, ikiwa imeshikana na protini ya mnyoo. Walitumia kamera gani? (Mwanafunzi, Kakamega)

Hawakutumia kamera. Ryan Hibbs na Eric Gouaux, wakiwa Oregon, Marekani, walichukua protini ya mfereji wa kloridi (njia ya kupitishia chembe za kloridi kwenye utando wa seli) wa mnyoo mdogo wa udongoni, wakaifanya fuwele (molekuli zikiwa zimejipanga safu kwa safu) pamoja na dawa, kisha wakaimulika kwa eksirei. Jinsi miale inavyotawanyika ndiyo huwezesha kukokotoa kila kipande kimekaa wapi. Walichapisha matokeo 2011. Kupata fuwele ndiko kugumu, kwa sababu protini za utando wa seli hazikubali kujipanga kirahisi.

Dawa yenyewe ilionekana sehemu gani? (Mwalimu wa baiolojia, Siaya)

Swali hili nalipenda kuliko yote. Mfereji huo una vipande vitano vilivyosimama kwa duara, tundu likiwa katikati. Wengi hudhani dawa huziba tundu. Sivyo. Imejipenyeza pembeni, ndani ya utando, kati ya kila kipande na jirani yake, kama kabari iliyotiwa mlangoni. Mfereji unabaki wazi, kloridi inamiminika ndani ya seli, na neva na misuli haziitikii tena. Mnyoo anapooza, hata kumeza hawezi.

Mbona ng'ombe wangu hadhuriki? (Mfugaji, Njoro)

Mamalia hawana mfereji huo. Wana mingine ya ukoo mmoja nao ubongoni, ila kuna protini inayoirudisha dawa kwenye damu kabla haijafika huko. Mbwa wengi wa aina ya collie wamerithi kasoro katika protini hiyo, na dozi kubwa huweza kuwaua. Tafadhali, dawa ya ng'ombe iliyobaki usimpe mbwa.

Ni kweli mbu akimuuma mtu aliyemeza ivamektini hufa? (Mama, Ahero)

Ni kweli, mama, kwani mbu naye ana mfereji huo. Katika utafiti uliofanywa Kisumu 2015 na 2016, wagonjwa wa malaria walipewa ivamektini siku tatu mfululizo pamoja na dawa ya malaria, kwa dozi kubwa kuliko ya kawaida. Damu yao iliendelea kuua mbu hata siku ya 28. Lakini mbu huuma kwanza ndipo afe, kwa hiyo neti usiitoe kitandani.