Chanzo au matokeo? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza uandike nini kuhusu zile kaya unazozitafiti: baba mlevi, mama kaondoka, watoto wameacha shule. Umaskini ndio uliowafikisha hapo, au wao ndio walioukaribisha?

Ukiingia na dodoso siku moja hutajua, kila kitu kimeshakorogana. Tafuta tarehe: kazi ilikatika lini, ugonjwa ulianza lini, chupa ilianza lini. Mtafiti Seebohm Rowntree alipochunguza familia za wafanyakazi mjini York, Uingereza, mwaka 1899, aligundua kwamba umaskini wa kibarua una majira yake. Humbana utotoni, humlegezea akianza kazi, humrudia akiwa na watoto wadogo, kisha humsubiri uzeeni. Mtu ni yuleyule na tabia zake ni zilezile.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa Wacherokee, kabila la wenyeji asilia wa North Carolina, Marekani. Watafiti walianza mwaka 1993 kufuatilia watoto 1,420 wa eneo lile, Wacherokee na majirani zao. Miaka michache baadaye kabila likafungua kasino, nyumba ya kamari (ndiyo, kasino!), na sehemu ya faida ikawa inagawiwa kila mwanakabila, awe mchapakazi au mvivu. Watoto ambao familia zao zilivuka mstari wa umaskini wakapunguza ukaidi na fujo, hadi wakafanana na wale ambao hawakuwahi kuwa maskini. Wasiwasi na huzuni havikupungua vile. Watafiti walipochimba sababu, wakakuta wazazi wamepata nafasi ya kuwaangalia watoto wao. Hakuna aliyewahubiria malezi.

Sisemi ulevi haufilisi nyumba. Unafilisi, tena haraka. Nakukataza tu kuuandika kama chanzo kabla hujajua ulianza lini.

Jambo jingine: usiandike "kaya" kana kwamba ni mtu mmoja. Fedha zikipungua, hazipungui kwa wote sawasawa. Uliza mara ya mwisho mambo yalipokwama nani alikosa kwanza: nani alilala njaa, nani alitolewa shule, dawa ya nani haikununuliwa. Na mama muulize akiwa peke yake, maana mbele ya mumewe atakujibu "tunamshukuru Mungu", na dodoso lako litarudi jeupe.

Mwakani rudi kwenye kaya zilezile. Msimamizi wako akilalamikia bajeti, punguza idadi ya kaya, ziara ya pili usiikate.

Mama yako