Terminali Inayomeza Herufi: Kuziba na Kupanga Maombi ya Kukatiza

Terminali yangu ya kwanza niliyoiunda kwa prosesa ya Intel 8085 ilifanya kazi vizuri hadi mistari 24 ilipojaa. Kuanzia hapo, kila skrini ilipopanda, mstari mpya ulitokea umenyofoka herufi. Kwa siku mbili niliilaumu chipu ya mawasiliano, kumbe kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeweka amri ya DI mwanzoni mwa kazi ya kupandisha mistari, nayo huziba maombi yote ya kukatiza (ishara zinazoitaka prosesa iache kazi yake kwa muda na kuhudumia kifaa) isipokuwa TRAP, ambalo halizibiki.

Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi ya biti 10 huingia takriban kila milisekunde moja, ilhali kuhamisha baiti 1840 za skrini kulichukua karibu milisekunde 30. Chipu yangu ilihifadhi herufi moja tu iliyokamilika. Isiposomwa mapema, inayofuata huifuta.

Nilidhani kipaumbele kingeniokoa. Ni kweli kwamba kati ya njia za kukatiza za 8085, RST 7.5 hutangulia RST 6.5, kisha 5.5, na INTR huja mwisho, lakini mpangilio huo huamua tu nani aanze pale maombi mawili yanapongoja pamoja. Prosesa ikishapokea ombi moja, huziba mengine yenyewe mpaka ikutane na EI, amri ya kuyafungua tena, hivyo hata mwenye cheo husubiri mlangoni.

Ushauri wangu ni kuweka kipokezi cha chipu ya mawasiliano kwenye 6.5 na kibodi kwenye 5.5, kwani hakuna vidole vinavyoishinda laini ya mawasiliano kwa kasi. Pigo fupi la umeme kutoka kwenye skrini lipewe 7.5, ambayo hulikumbuka hata likishapita, mradi kazi yake iwe fupi mno. Wakati wa kupandisha mistari, tumia SIM, amri inayoziba njia unazochagua, kuziba 5.5 na 7.5 pekee, ili ombi la kipokezi lisome herufi, liiweke kwenye bafa (hifadhi ya muda) na kuondoka, bila kugusa skrini. DI niliibakizia amri chache tu zinazobadilisha viashiria vya bafa.

Jihadhari na jambo moja lililonisumbua baadaye: 7.5 huendelea kukumbuka pigo hata ikiwa imezibwa, kwa hiyo ukiifungua hurukia papo hapo ombi lililokwisha kupitwa na wakati. Kama hulihitaji, lifute kwanza kwa kuwasha biti ya 4 (ukihesabu kuanzia 0) katika SIM.