Mfereji wa mgodi wa bati: umri wake uko kwenye tope

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mume wangu tumenunua kipande cha ardhi Devon, Uingereza, pembeni mwa nyika ya vilima ya Dartmoor, palipokuwa na mgodi wa bati. Upo mfereji mkavu unaozunguka kilima hadi kwenye shimo jembamba lililojengewa mawe ya graniti, na juu yake kuna kitu kama lambo dogo. Mzee mmoja mwenye fimbo za shaba za kutafutia maji alipita, fimbo zikacheza, akatuambia hiyo ni kazi ya Wafoinike, wale wafanyabiashara wa baharini wa kale kutoka mashariki ya Mediterania. Anatushauri tukodi katapila dogo tuzoe tope lote mpaka tuione sakafu ya mawe, eti hapo umri utajulikana. Tuendelee?

JIBU: Msiendelee. Na huyo mzee mwambieni asirudi na fimbo zake.

Hilo shimo jembamba, kwa jinsi ulivyolieleza, ni shimo la gurudumu la maji. Maji yalikuja na mfereji, yakamalizia safari kwenye mlizamu wa mbao uliobebwa na nguzo au tuta, kisha yakaangukia gurudumu. Mbao zimeoza zamani, ndiyo maana mara nyingi mfereji huonekana kukatika ghafla kabla haujafika shimoni. Msidhani umebomoka, na msiuunganishe. Gurudumu lilizungusha mhimili ulioinua nyundo nzito na kuziachia ziponde mawe. Tafuteni chini kidogo ya shimo: mkikuta jiwe la graniti lenye vibakuli viwili au vitatu laini vilivyopangana, hapo ndipo nyundo zilipokuwa zikipiga. Unga wa mawe ulioshwa kwa maji hayohayo. Kasiteriti, yaani madini yenyewe ya bati, ina uzito karibu mara 7 ya maji, ilhali kwatzi, yaani jiwe la kawaida linaloizunguka, haifiki mara 3, kwa hiyo maji huchukua kwatzi na kuacha bati chini. Lambo la juu liliweka akiba ya maji usiku ili mchana yasipungue.

Hayo ndiyo mepesi. Linalonichosha ni hili la umri, kwa sababu naulizwa kila mara na kila mara kuna mtu ameshajibu kwa kutazama tu: mawe hayakuchongwa vizuri, basi ni ya kale mno. Si kweli. Mfalme John wa Uingereza aliwapa wachimbaji wa bati hati yao mwaka 1201, na haki ya kugeuza maji kwa ajili ya kazi ilikuwamo. Uchimbaji Dartmoor uliendelea kwa vipindi hadi karne ya 20. Miaka 700 watu wamechimba mifereji kwa sururu na koleo kwenye vilima vilevile, wakifuata usawa wa kilima kwa mwinamo mdogo kabisa ili maji yatembee bila kumomonyoa kingo. Mfereji wa karne ya 13 na wa karne ya 19, vikiota nyasi, vinafanana.

Nendeni Eylesbarrow, mgodi wa zamani hukohuko Dartmoor, mjionee. Pale kuna safu mbili za mawe mafupi ya graniti zinazopanda kilima, na wageni huzipiga picha wakidhani ni mawe ya ibada ya kabla ya historia. Mgodi ule ulianza mwaka 1804. Mawe yale yalibeba vyuma vilivyopeleka mwendo wa gurudumu hadi kwenye pampu za shimo la mgodi, juu kilimani. Safu halisi za kale ziko Drizzlecombe, jirani tu. Kama jicho linadanganyika kiasi hicho mahali panapojulikana vizuri namna ile, fimbo mbili za shaba zitatuambia nini?

Kuhusu Wafoinike: bati la kusini-magharibi ya Uingereza huenda lilifika mashariki ya Mediterania tangu Enzi ya Shaba, na utafiti wa metali unaelekea huko. Lakini biashara ya bati ni jambo moja, mfereji wenu ni jingine. Hakuna mabaki ya kiakiolojia yanayoonyesha kwamba Wafoinike walichimba Dartmoor.

Umri husomwa kwanza kwenye makutano. Mfereji ukikatwa na korongo la uchimbaji, korongo limekuja baadaye. Mfereji mmoja ukipita juu ya tuta la mwingine, wa juu ni mdogo kwa umri. Tembeeni mfereji wote, toka unapochota maji hadi unapoyamwaga, mkaweke alama kila panapokutana vitu viwili. Ramani za laida, yaani zinazopimwa kwa miale ya leza kutoka angani, zinasaidia sana kuona mistari iliyofichwa na magugu, ila zinaonyesha umbo tu.

Pili, umri uko kwenye hilo tope mnalotaka kulizoa. Ukikata lambo la aina hii wima, chini utakuta utandu wa mchanga laini wa kijivu, ulioingia wakati mgodi unafanya kazi. Juu yake mboji nyeusi, iliyojikusanya baada ya watu kuondoka. Ndani ya matabaka hayo mna chavua za mimea, vipande vya makaa vinavyoweza kupimwa kwa kaboni, na chembe za bati lenyewe. Katika mabonde ya mito inayotoka Dartmoor, matabaka ya namna hiyo yameonyesha dalili za uchimbaji wa kabla ya maandishi yoyote. Ndoo moja ya katapila huyachanganya yote kwa dakika chache, na mnabaki na sakafu ya mawe safi isiyoweza kuwaambia chochote. Nimeona mashimo ya magurudumu yaliyosafishwa hivyo, yanapendeza kwa picha, na hayasomeki tena.

Hili nawaambia wote wenye migodi ya zamani mashambani mwao, si nyinyi peke yenu. Kabla ya koleo la kwanza, wasilianeni na wanaakiolojia wa mamlaka ya hifadhi ya Dartmoor, au wa kaunti kama shamba liko nje ya mpaka. Chini ya sheria ya mwaka 1979, kuchimba eneo la kale lililosajiliwa bila kibali ni kosa la jinai, na kutumia kifaa cha kutafutia metali hapo bila kibali ni kosa pia, hata kama ardhi ni yako. Tena, bati la Devon na Cornwall mara nyingi hukaa pamoja na aseniki. Tope la mgodi linaweza kuwa na sumu hiyo kwa wingi. Msilimwage bustanini, na watoto wasilichezee mpaka lipimwe.