Domeni moja, tovuti huku, seva ya gumzo kule

SWALI: Kikundi chetu kina domeni yake, na tovuti iko kwenye kampuni ya kuhifadhi tovuti. Sasa nimekodi seva nyingine ndogo, nikaweka Prosody, programu ya seva ya gumzo, ili tuwe na gumzo letu wenyewe la XMPP (itifaki huria ya kutumiana ujumbe). Nilipoelekeza rekodi ya A ya domeni (inayotaja namba ya IP, yaani anwani ya mashine) kwenye seva mpya, tovuti ikapotea, nikairudisha haraka. Je, nisajili domeni ya pili kwa ajili ya gumzo, au nitumie tu namba ya IP?

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Domeni mliyonayo inatosha, na tovuti haitaguswa.

Anwani ya XMPP inafanana na ya barua pepe: asha@example.org. (Jina hilo la example.org limetengwa kwa ajili ya mifano. Mahali pake weka lenu.) Kinachofuata baada ya @ ni sehemu ya utambulisho wa mtumiaji. Mkibadilisha domeni mwakani, akaunti hazihami nayo: mnafungua mpya, na kila mtu anaanza upya kuwaongeza marafiki zake. Namba ya IP ni mbaya zaidi, maana hata si yenu. Ni ya kampuni inayowakodisha seva, na siku mkihama mtaiacha hukohuko.

Ulichokosa ni rekodi ya SRV kwenye DNS, mfumo unaoonyesha kila jina liko kwenye mashine gani. Rekodi ya A husema tu "jina hili liko kwenye mashine hii", kwa huduma zote kwa pamoja. Ndiyo maana tovuti ilihama. SRV husema "anayetaka huduma fulani kwenye domeni hii, aende kwenye mashine fulani, poti (namba ya mlango) fulani". Kwa hiyo ipe seva mpya jina lake, mathalani gumzo.example.org, kwa rekodi ya A inayoonyesha IP yake, kisha ongeza mbili hizi:

_xmpp-client._tcp.example.org. 3600 IN SRV 0 5 5222 gumzo.example.org.
_xmpp-server._tcp.example.org. 3600 IN SRV 0 5 5269 gumzo.example.org.

Ya kwanza ni ya programu za watumiaji, ya pili ni ya seva nyingine zinazotaka kuzungumza na yenu. 3600 ni sekunde ambazo jibu linaweza kuhifadhiwa na wengine. 0 ni kipaumbele na 5 ni uzito, navyo havina athari kwenu kwa kuwa mna seva moja. Jina la mwisho lazima liwe na rekodi ya A au AAAA (kama A, ila ya anwani za IPv6) yake lenyewe, lisiwe CNAME (lakabu ya jina jingine). Angalia pia kitone cha mwisho: baadhi ya paneli za DNS hukiongeza zenyewe, na nyingine usipokiweka hubandika domeni tena, ukapata gumzo.example.org.example.org. Kama paneli yenu ina kitufe cha kupitishia trafiki kwenye seva zao za ulinzi, kizime kwa jina la gumzo. Kwa kawaida huduma hizo hupitisha trafiki ya tovuti tu.

Hapo wengi hudhani wamemaliza, kumbe cheti cha TLS, kinachothibitisha utambulisho wa seva na kuwezesha mawasiliano ya siri, ndicho kitakachowasumbua. Programu ya mtumiaji hulinganisha cheti na domeni iliyo kwenye anwani yake, si na jina la mashine iliyofikia. Cheti cha gumzo.example.org peke yake kitakataliwa. Lazima kiwe cha example.org. Na hapa kuna kikwazo: ukiomba Let's Encrypt (watoaji wa vyeti vya bure) kwa njia ya HTTP, ukaguzi utakwenda kwenye tovuti, ambayo haiko kwenye seva hii. Tumia ukaguzi wa DNS, ambapo unaweka rekodi ya TXT (ya maandishi) kwenye _acme-challenge.example.org. Ni vizuri mwendesha DNS wenu awe na API (njia ya programu kumpa maagizo), ili programu iiweke yenyewe kila cheti kinapohuishwa. Vyeti hivi vimezoeleka kudumu siku 90, na mwelekeo ni kuvifupisha zaidi, kwa hiyo kazi ya mkono hapa ni kujitafutia lawama. Kila baada ya kuhuisha, amri ya prosodyctl --root cert import, ikifuatiwa na folda vilimo vyeti, huvipeleka mahali ambapo Prosody inaweza kuvisoma.

Mkitaka vyumba vya mazungumzo ya pamoja, kawaida hukaa kwenye conference.example.org. Nalo ni jina linalojitegemea: liwe na rekodi yake, na liingie kwenye cheti, la sivyo wageni kutoka seva nyingine hawataweza kuingia.

Sasa swali ambalo hukuuliza: hiyo domeni imesajiliwa kwa jina la nani? Mara nyingi utakuta ni la aliyetengeneza tovuti. Isajiliwe kwa jina la kikundi, na barua pepe ya mawasiliano isiwe ndani ya domeni hiyohiyo, maana ikisimama hamtapata hata onyo. Washeni kuhuisha kwa moja kwa moja. Domeni za aina ya .org na .com zikishafutwa kwa kutolipiwa huwa na siku 30 za kukombolewa, tena kwa ada kubwa. Zikipita, yeyote anaweza kuisajili, akaweka seva yake na kufungua akaunti ya asha@example.org, na marafiki wa Asha wasijue wanaandikiana na nani.

Kujaribu, tumia kompyuta nyingine, si seva yenyewe:

dig +short SRV _xmpp-client._tcp.example.org

Ikijibu sawasawa lakini programu haiunganishi, hakikisha ukuta wa usalama wa seva umefungua poti 5222 na 5269. Kisha endesha prosodyctl check kwenye seva. Hukagua mipangilio, DNS na vyeti, na hueleza kwa jina kilichokosekana.